Kwangu Hanywi

Mke mwenzangu aliniita jirani. Aliniita hivyo mchana kweupe, mbele ya nesi, mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali moja mjini Tukuyu, mume wetu akiwa ndani mguu umetundikwa juu kama mkungu wa ndizi.

"Huyu nani?" nesi aliuliza.

"Jirani yetu wa Ikuti," Ikupa akajibu bila kupepesa macho. "Ameleta salamu. Anarudi sasa hivi."

Jirani! Jirani gani analala na mume wako? Nilitaka kumwuliza hivyo hivyo, lakini yule nesi, binti mwembamba jina lake Felista, alikwishasimama katikati yetu. Akasema chumba kile kinaruhusu mtu mmoja tu wa kuuguza, na mgonjwa ameandikiwa mke mmoja, Ikupa. Basi. Ikupa alifunga ndoa kanisani, akavishwa pete, watu wakaimba. Mimi niliolewa kwa ng'ombe, na ng'ombe hawaandikwi kwenye kadi ya hospitali. Mlango ukafungwa usoni pangu, na mimi nimeshika sufuria ya ndizi nilizompikia, bado zina uvuguvugu.

Niseme kwanza jinsi alivyofika pale. Andongwisye ni fundi seremala, na Ikuti nzima hakuna paa la maana ambalo hakulipanda. Mwaka ule tulikuwa tumekwisha kupangwa kijiji cha ujamaa, na mwenyekiti alitaka bohari ya kijiji iezekwe kabla mvua hazijachanganya. Jumatatu filimbi ya kazi ililia mapema kuliko kawaida. Watu wakakusanyika, Andongwisye akapanda juu na misumari mdomoni, na jua halijapata hata kukausha umande akawa chini. Paja lilivunjika, mbavu zikavunjika, pumzi ikawa inatoka kwa mlio. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, wakampakia kwenye lori la majani ya chai. Ikupa akapanda lori hilo hilo, akakaa mbele kama bibi harusi. Mimi nilipofika na khanga yangu mkononi, lori lilikwisha kukata kona.

Jumapili usiku alikuwa amelala kwa Ikupa. Hilo lishike.

Nyumba zetu ni mbili, zimetenganishwa na migomba, na kanuni ya pale nyumbani ni moja, aliiweka baba mkwe alipokuwa hai: nyumba haiulizi nyumba. Akila kwangu, kwa mwenzangu halisemwi. Akinywa kwangu, kwa mwenzangu halisemwi. Mke anayemwuliza mume "ulipewa nini kule" anaonekana kama amechungulia chungu cha mtu. Baba mkwe alikuwa na wake wanne na alikufa mzee sana, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema kanuni yake ni mbaya.

Sasa kwa Ikupa hapakunyweka. Ikupa ni mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, harufu ya pombe ikipita barabarani anafunga dirisha. Andongwisye akampa alichokitaka. Akitoka kwangu kwenda kwake alisukutua, akatafuna majani ya mpera, akaingia kwake mwanamume wa kusali kabla ya kula. Mimi nikapata yule mwingine. Kwangu alikaa jikoni jioni na mrija wake, chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kati ya magoti, mimi namwongezea maji ya moto, yeye anavuta na kuniambia habari za watu waliomdhulumu mbao. Nilikuwa najiambia kwamba mtu humficha mke anayemwogopa na humfungulia anayempenda. Nikimwona Ikupa anaenda kanisani na mwendo wake ule wa madaha, nilikuwa nacheka moyoni. Pete anayo yeye, mume ninaye mimi.

Na usimfikirie Andongwisye kuwa mlevi wa kuyumba na kuimba njiani. Mlevi wa namna hiyo kila mtu anamjua, hata watoto wanamfuata. Mume wangu hakuyumba hata siku moja. Alikunywa kama anavyofanya kazi, taratibu na kila siku. Ila alfajiri mikono ilimtetemeka, hata kifungo cha shati hakiwezi. Nampa kikombe cha gongo cha kuzimua, anakunywa kwa mikono miwili, anakaa kidogo, mikono inatulia. Kisha anachukua randa na kupiga ubao mpaka unang'aa. Siku za kulala kwa Ikupa alipita kwangu kabla ya jua, eti kuchukua msumeno. Vifaa vyake vyote aliviweka kwangu. Ikupa alidhani ni kwa sababu nyumba yangu haivuji.

Jumatatu ile filimbi ilimkuta kwa Ikupa, na hakuwahi kupita. Alipanda paa na mikono yake ile ya alfajiri. Kama angepita kwangu asingeanguka. Nilikuwa nalisema hilo peke yangu njia nzima kwenda Tukuyu, na lilikuwa linanipa uchungu na raha kwa pamoja.

Mjini nilifikia Bagamoyo. Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, siyo ile ya pwani. Kuna mwanamke anaitwa Mwantum, anauza maandazi, huwa ananunua ndizi zangu. Alinipa mkeka kwenye chumba cha wanawe. Nikawa kila siku napika jikoni kwake, napeleka chakula hospitali, nesi anakipokea mlangoni, nazunguka nyuma, nasimama chini ya dirisha la chumba kile na kuchungulia kwenye vioo.

Mungu anisamehe niliyoyaona. Nilimwona Ikupa anafungua sufuria yangu, ananusa, anampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nilimwona anamfuta Andongwisye uso kwa kitambaa cha maji, polepole, kuanzia paji la uso kushuka shingoni, kama mtu anayefuta meza aliyoinunua mwenyewe. Nilimwona anamnywesha uji kwa kijiko, na kila kijiko kikiingia anafungua mdomo na yeye. Na Andongwisye akatabasamu. Mbavu zimevunjika, pumzi ya kuomba, bado anapata nguvu za kumchekea! Mimi miaka yote sijamlisha kwa kijiko. Hajawahi kulala kitandani mwangu asiweze kuondoka. Ikupa alikuwa amempata mume asiye na miguu ya kutoka, na niliona wazi kwamba zilikuwa siku zake tamu kuliko zote tangu mimi niolewe.

Wivu ni kidonda, wanasema. Changu kilikuwa kinatoa usaha.

Kisha siku moja mchana nikaona mikono.

Ilikuwa juu ya shuka, inachuma. Vidole vinashika kitu kisichokuwepo, vinakivuta, vinakitupa pembeni, vinarudi. Jasho lilikuwa limelowesha mto. Ikupa aliikamata ile mikono akaiweka chini, ikarudi kuchuma. Nilimsikia anamwambia nesi, "Ni homa tu. Malaria imempanda."

Haikuwa malaria. Baba yangu mdogo, Anyelwisye, aliwahi kuwekwa mahabusu kwa ajili ya mtambo wa gongo. Aliingia mzima anatukana askari. Baada ya siku chache akaanza kukamata nzi hewani, na nzi hakuna. Akawaambia askari ukuta unatembea. Alikufa kabla hajafikishwa kwa hakimu, na mganga aliyekuja kumwangalia alimwambia bibi yangu kwamba hakurogwa: pombe ilimtoka ghafla na mwili haukuweza kukaa bila yake. Nilikuwa msichana. Nilidhani nimesahau, kumbe mikono ile nilikuwa naijua kama yangu.

Jioni nikamwambia Mwantum, tunakanda unga wa maandazi ya kesho.

"Na daktari hajui kama anakunywa?" akauliza.

"Daktari anamwuliza Ikupa. Nimemsikia dirishani, anasema hanywi."

"Anadanganya?"

Nilitaka sana kusema anadanganya. "Hadanganyi," nikasema. "Kwake hanywi. Hajui ya kwangu. Kwetu hayaulizwi."

Mwantum akaacha kukanda. Yeye ni mke wa tatu, mambo haya hayamshangazi. "Basi nenda kaseme wewe."

"Nikisema, mwenye chungu ni nani? Ikuti yote itasema ni mimi Tusekile niliyemmaliza. Ikupa atasimama kanisani aseme, kwangu alikuwa mzima, kule ndiko alikoharibiwa. Na akipona, Mwantum, daktari atamwambia asinywe tena. Asipokunywa atakuja kwangu kufanya nini?"

Lile la mwisho lilinitoka tu. Mwantum aliniangalia, nami nikaangalia unga.

"Ukisema, aibu yako," akasema. "Usiposema, eda yako. Chagua, mama, na ulete huo unga hapa unaukausha."

Sikuchagua. Asubuhi nilikwenda hospitali nikiwa bado sijachagua, mvua inanyesha ile ya Tukuyu isiyo na haraka, nikasimama chini ya dirisha langu. Na kabla sijachungulia nikasikia sauti yake.

"Siafu! Siafu ukutani! Toeni watoto!"

Nikachungulia. Andongwisye alikuwa ameinua kichwa na mabega, anapiga shuka kwa viganja, macho yametoka, anaangalia ukuta mweupe usio na kitu. Ile kamba iliyovuta mguu ilikuwa inacheza, mfuko wa mchanga ulioning'inia unagonga chuma cha kitanda. Felista na nesi mwingine walikuwa wamemshika huku na huku. Ikupa amesimama miguuni, mikono kichwani.

"Ikupa!" Andongwisye akaita. "Ikupa! Ikupa we, funga mlango!"

Alimwita Ikupa. Siyo mama Anyosisye kama sote tunavyomwita mbele yake, kwa mtoto wake wa kwanza. Alimwita kwa jina la usichana wake, jina ambalo mimi sijawahi kulisikia mdomoni mwa mume wetu, na alikuwa analiita kama mtu aliye mtoni anaita aliye ukingoni. Mimi huwa ananiita "wewe". "Wewe, ongeza maji." Nilikuwa nalipenda lile "wewe". Nilidhani ni la mapenzi.

Nikaondoka dirishani. Nasema kweli, niliondoka. Nilifika hadi kwenye lango la hospitali, maji yananitiririka shingoni, nikisema si anamwita yeye? Basi na amwokoe yeye. Ana pete, ana kadi, ana kanisa zima la kumwombea. Jirani anahusika nini?

Lakini pale langoni nikauona msiba wote mbele ya macho yangu. Nikamwona Ikupa amekaa ndani kwenye mkeka wa wafiwa, kina mama wa kanisa wamemzunguka. Nikasikia mchungaji anasema marehemu hakuwa mtu wa pombe. Na mimi niko nje nateka maji ya kupikia waombolezaji, maana hiyo ndiyo kazi ya jirani. Akifa leo, anakufa akiwa wa Ikupa mzima mzima. Nusu yangu inazikwa kama haikuwahi kuwepo.

Wengine wangesema huruma ndiyo iliyonirudisha. Waseme. Nilirudi kwa hasira, nikapita mlango mkubwa, nikapita benchi la wagonjwa, nikasukuma mlango wa mahututi kwa bega.

"Anakunywa!" nikasema kwa nguvu, watu wa kwenye benchi wakageuka. "Huyu mtu anakunywa! Kila siku ya Mungu anakunywa!"

Ikupa akageuka na uso uliojaa moto. "Gwe mwanamke! Toka! Unamzulia mgonjwa mbele za watu? Hanywi. Nimeapa kwa daktari, hanywi!"

"Kwako hanywi. Kwangu anakunywa."

"Mwongo!"

"Kwangu anakunywa, mama Anyosisye! Jioni kimpumu hadi chungu kikauke, alfajiri gongo. Majani ya mpera anayotafuna unadhani ni dawa ya meno? Zile jioni za vikao vya kijiji, kikao kilikuwa jikoni kwangu!"

Daktari alikuwa ameingia nyuma yangu. Daktari Lazaro, mtu mfupi mwenye miwani, si mtu wa maneno mengi. Hakutuamulia ugomvi. Alinishika mkono wa juu akanigeuza.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake," nikasema, na nikamwangalia Ikupa nikilisema.

"Cha mwisho alikunywa lini?"

"Jumapili jioni. Kwangu. Baada ya hapo alilala kwa mwenzangu, na asubuhi hakupita."

"Na huwa anatetemeka asubuhi asipopata?"

"Anatetemeka hata kifungo kinamshinda."

Daktari akavua miwani akaifuta kwenye koti, ingawa haikuwa na kitu. "Nimeuliza kila asubuhi," akasema, na hakusema kwa ukali. "Mama, nimekuuliza kila asubuhi."

"Nami nilikujibu ya nyumbani kwangu," Ikupa akasema. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Ya nyumba ya mtu ningeyajuaje?"

Daktari akatueleza kwa maneno machache. Mwili uliozoea pombe miaka mingi ukinyimwa ghafla hupandwa na kichaa cha siku kadhaa, na mtu aliyeumia mbavu na paja, mwenye homa, ndiye wa kuhofiwa kuliko wote, maana moyo unakimbia na pumzi hazitoshi. Akiendelea kujirusha vile, mbavu zitamchoma ndani. Akamwagiza Felista sindano ya kumlaza na vitamini za kuweka kwenye dripu. Felista akatoka mbio. Sheria ya mtu mmoja tu chumbani haikukumbukwa tena.

Sindano ikaja, lakini mkono wa kuchomwa haushikiki. Andongwisye alikuwa amekwisha kung'oa dripu, damu inamtoka kiwikoni, na sasa anataka kushuka kitandani na mguu wake uliofungwa. Ikupa akamkimbilia. "Mimi hapa. Ikupa ni mimi hapa, baba Anyosisye, tulia." Andongwisye akamwangalia usoni, akapiga kelele, "Askari! Askari huyu kaja kuchukua mtambo!" akamsukuma kifuani kwa nguvu zote. Ikupa akaangukia ukutani, kitambaa chake cheupe kikamtoka kichwani.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi sana.

Maana yule mtu akageuka, akaniona mimi, na uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyempata mama yake sokoni. Akanyoosha mkono. Nikaushika, nimelowa chapachapa, matone yananidondoka kwenye shuka lake.

"Ikupa," akaniambia.

Nikageuza macho kwa mwenye jina, pale ukutani.

"Ikupa, ni wewe?"

"Mwitikie," daktari akaninong'oneza, sindano mkononi. "Usimbishie. Akitulia tu nimemaliza."

Mdomo haukufunguka. Nilikuwa na majina yote duniani ya kuitikia isipokuwa lile. Andongwisye akaanza tena kuvuta mkono wake, macho yakarudi ukutani kutafuta siafu, ile kamba ya mguu ikaanza kugonga. Ndipo nikasikia sauti ya Ikupa kutoka chini, pale alipoangukia, nywele zake za mvi ziko wazi. Sijawahi kuona nywele zake kabla ya siku hiyo.

"Itika," akasema. "Gwe Tusekile, itika! Si anakuita?"

Alikuwa analia, na alikuwa ananipa jina lake kama mtu anayenyang'anywa mtoto mgongoni.

"Abee," nikasema. "Ni mimi. Ni Ikupa."

Andongwisye akashusha pumzi. Akarudisha kichwa kwenye mto, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake, na daktari akamchoma bila yeye kujua. Ikupa alikuwa anainuka, anatafuta kitambaa chake sakafuni. Felista alikuwa anafunga kamba ya mguu. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia aliyoyasema, maana aliyasema kwa pumzi tu.

"Ikupa, usinifukuze. Nimechoka kwenda kule. Nikifika kule naona chungu tu, mtu simwoni. Kwako ndiko nyumbani."

Nikasubiri aseme lingine. Nilisubiri aseme hata "yule naye ni mwema", hata "yule naye ananipikia vizuri". Dawa ikampanda, kope zikashuka, mdomo ukabaki wazi kidogo. Hakuwa na lingine.

Nilikaa pale pale nimeinama. Miaka yote niliyomwongezea maji ya moto nilidhani naongeza mapenzi, na nikimcheka Ikupa nilikuwa nacheka nyumba ambayo ndiyo yake. Mimi nilikuwa duka la pombe lenye kitanda. Na mkono wake ulikuwa bado umenishika, umenishika kwa nguvu, ila haukunishika mimi.

Daktari akapima mapigo ya moyo, akasikiliza kifua, akatikisa kichwa kukubali. "Yameshuka," akasema. "Akilala hivi na homa ikaanza kutoka, tutampata. Mmechelewa, lakini mmesema." Akamwambia Felista atuache wote wawili ndani, kisha akaenda kwa mgonjwa wa pili.

Ikupa alikuwa amefunga kitambaa chake, hakikukaa sawa. Akaja upande wa pili wa kitanda. Akajaribu kuushika ule mkono badala yangu, akaupitisha mkono wake chini ya wangu, taratibu kama anayehamisha yai. Andongwisye akakunja uso usingizini na kugeuza kichwa. Ikupa akautoa mkono wake haraka.

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Mwenzangu," akasema hatimaye. Siku hiyo ndipo alipoanza kuniita hivyo. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya kuomba, na Ikupa si mtu wa kuomba. "Aliniita mimi. Nilisikia aliniita mimi."

"Alikuita wewe," nikasema.

"Alisema nini? Nilimwona anakunong'oneza. Mimi nilikuwa kule chini, sikusikia."

Nikamwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa ameinama mbele, ananisubiri. Mwanamke aliyechukua pete, akachukua kadi, akachukua lori, akaniita jirani, na maskini hakujua kwamba amekwisha kuchukua na kile nilichobakiwa nacho. Alichokuwa anakiomba kilikuwa chake halali. Neno moja tu kutoka kwangu, na angetembea nalo mpaka kaburini.

"Aliomba maji," nikamwambia. "Alisema Ikupa amwekee maji, akiamka ayakute."

Uso wake ukafunguka wote. "Maji?" akasema. "Ndaga, mwenzangu. Asante." Akachukua kikombe mezani, akajifunika khanga kichwani, akatoka kwenye mvua kwenda bombani kumtekea maji mume wake, na mimi nikabaki nimeshika mkono.